Upasuaji wa Vivimbe Vinavyozalisha Homoni katika Mfumo wa Mmeng'enyo wa Chakula: Misingi ya Uamuzi katika Insulinoma, Gastrinoma na Kasinoidi

Ikisiri

Makala hii inafafanua misingi inayoongoza upasuaji wa vivimbe vinavyozalisha homoni katika mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Vivimbe hivyo ni nadra na aghalabu ni vidogo, lakini madhara yake hudhihirika mbali na mahali vilipo: katika ubongo, katika ngozi, hata katika vali za moyo. Aina tatu zinajadiliwa, nazo ni insulinoma, gastrinoma na kasinoidi ya utumbo mwembamba. Hoja kuu ni kwamba upasuaji wa vivimbe hivi hujibu maswali mawili yaliyo tofauti, yaani namna ya kuikomesha homoni na namna ya kuizuia saratani. Makala inaonesha kuwa kila aina huyapa maswali hayo uzito wake, na kwamba maendeleo ya dawa yamebadilisha si tu namna ya kupasua bali pia sababu ya kupasua.

Istilahi za msingi: uvimbe wa seli za homoni, insulinoma, gastrinoma, kasinoidi, kongosho, upasuaji.

1.0 Utangulizi

Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula hujulikana zaidi kwa kazi ya kusaga na kufyonza chakula. Hata hivyo, mfumo huo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya homoni mwilini. Katika kuta za mfuko wa chakula na utumbo, na katika visiwa vya Langerhans vilivyotapakaa ndani ya kongosho, zimo seli zinazotambua kilicholiwa na kutoa homoni za kuviongoza viungo vingine. Mwaka 1902, Bayliss na Starling walionesha mjini London kwamba utumbo hutoa kemikali waliyoiita sekretini, ambayo husafiri katika damu na kulichochea kongosho kutoa maji yake. Starling ndiye aliyelitumia neno homoni mwaka 1905, na kwa maana hiyo taaluma nzima ya homoni inalo deni kwa utumbo.

Seli hizo zinapogeuka kuwa uvimbe, mgonjwa hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni homoni inayomwagwa bila kipimo wala wakati. Ya pili ni uvimbe wenyewe, ambao unaweza kukua, kuziba njia ya chakula na kusambaa hadi katika tezi za limfu na ini. Hatari hizi mbili haziendi sambamba. Uvimbe wenye ukubwa wa punje ya hindi unaweza kumfanya mtu azimie kila alfajiri, ilhali uvimbe mkubwa uliokwisha kusambaa unaweza kukaa kimya kwa miaka. Kwa sababu hiyo, ukubwa wa uvimbe pekee hautoshi kuamua upasuaji ufanyike au usifanyike, wala ufikie kiwango gani.

Hatari ya saratani hupimwa kwa kasi ya mgawanyiko wa seli. Katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, vivimbe ambavyo seli zake zimekomaa hugawanywa katika madaraja matatu kwa kipimo cha Ki-67: chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, kati ya asilimia 3 na 20 ni daraja la pili, na zaidi ya asilimia 20 ni daraja la tatu. Sehemu kubwa ya vivimbe vinavyojadiliwa hapa huangukia katika madaraja mawili ya mwanzo, na jambo hilo ndilo linalompa daktari mpasuaji nafasi ya kufikiri kabla ya kutenda.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Mwaka 1907, mwanapatholojia Siegfried Oberndorfer wa Munich, Ujerumani, alieleza vivimbe vya utumbo mwembamba vilivyofanana na saratani kwa umbo lakini vikawa vya pole kwa mwenendo. Aliviita kasinoidi, yaani vinavyofanana na saratani. Mwaka 1929 yeye mwenyewe alikiri kuwa baadhi ya vivimbe hivyo husambaa. Marekebisho hayo hayakupata nguvu sawa na jina lenyewe, na kwa miongo mingi jina hilo liliwafanya matabibu wauone ugonjwa huo kuwa mwepesi kuliko ulivyo.

Kwa upande wa kongosho, mlango ulifunguliwa na ugunduzi wa insulini mjini Toronto mwaka 1921. Baada ya madaktari kuona jinsi insulini ya sindano inavyoweza kumfanya mgonjwa atetemeke, atokwe jasho na kupoteza fahamu, waliweza kuzitambua dalili hizohizo kwa watu ambao hawakuwahi kuchomwa sindano hiyo. Mwaka 1927, Wilder na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za mgonjwa wa aina hiyo, ambaye mwenyewe alikuwa daktari mpasuaji. Alipofunguliwa tumbo, kongosho lilikutwa na uvimbe uliokwisha kusambaa katika ini. Kimiminika kilichotengenezwa kutokana na uvimbe huo kilishusha sukari ya sungura. Kwa mara ya kwanza ilithibitika kuwa uvimbe unaweza kuzalisha homoni na kumdhuru mtu kwa homoni hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1929, Roscoe Graham wa Toronto alitoa insulinoma na mgonjwa akapona. Hapo upasuaji ulipata hoja yake: endapo chanzo cha homoni kitaonekana na kutolewa, ugonjwa utakwisha.

3.0 Insulinoma: Homoni Kubwa, Saratani Ndogo

Insulinoma hutokea kwa mtu mmoja hadi wanne katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Takribani asilimia 90 ya vivimbe hivi si saratani, takribani asilimia 90 huwa kimoja tu kwa mgonjwa, na sehemu kubwa huwa na kipenyo kisichofikia sentimita 2. Kwa hiyo swali la saratani hapa ni dogo, na swali la homoni ndilo linalotawala. Ubongo hutegemea sukari, na sukari inapoporomoka mara kwa mara mgonjwa huchanganyikiwa, hubadilika tabia, huanguka na kupata degedege. Wagonjwa wengi huhudumiwa kwa muda mrefu kama wenye kifafa au maradhi ya akili kabla ya mtu yeyote kuipima sukari yao wakati wa tukio.

3.1 Uthibitisho kabla ya kisu

Allen Whipple wa New York, pamoja na Virginia Frantz, waliandika mwaka 1935 kuhusu masharti ambayo hadi sasa hujulikana kama utatu wa Whipple: dalili ziwe zinatokea mgonjwa anapokaa bila kula, sukari ya damu iwe imeshuka wakati wa dalili hizo, na mgonjwa apate nafuu anapopewa sukari. Masharti hayo yalitokana na hofu ya kumpasua mtu asiye na uvimbe. Hofu hiyo ingali na mantiki, kwa kuwa sukari hushuka kwa sababu nyingi. Katika nchi za tropiki, malaria kali huishusha, na kwinini inayotumiwa kuitibu huchochea kongosho kutoa insulini. Ulevi, kushindwa kwa ini na upungufu wa homoni za tezi za adrenali ni sababu nyingine.

Kipimo cha uthibitisho ni mfungo unaosimamiwa hospitalini, ambao huweza kuendelea hadi saa 72. Mfungo husitishwa dalili zinapojitokeza huku sukari ikiwa chini ya milimoli 3.0 kwa lita, na damu huchukuliwa hapohapo. Katika mwili wenye afya, sukari ikishuka kiasi hicho insulini nayo hunyamaza. Isiponyamaza, chanzo chake sharti kitafutwe. Peptidi C, ambayo hutolewa na kongosho sambamba na insulini, hutenganisha insulini ya mwili na ile ya sindano: insulini ikiwa juu na peptidi C ikiwa chini, insulini hiyo imetoka nje ya mwili. Dawa za kisukari za kundi la sulfonilurea hupandisha vyote viwili, hivyo nazo hupimwa katika damu au mkojo kabla ya kuhitimisha.

3.2 Kutafuta mahali

Insulinoma husambaa kwa uwiano unaokaribiana katika kichwa, kiwiliwili na mkia wa kongosho. Zamani, uvimbe usipoonekana, baadhi ya madaktari walikata mkia na kiwiliwili kwa kubahatisha. Utaratibu huo umeachwa. Iwapo uvimbe ulikuwa kichwani, mgonjwa aliamka akiwa na ugonjwa uleule na kongosho pungufu, pamoja na uwezekano wa kupata kisukari baadaye. Leo hutumika skani, picha za mawimbi sauti zinazopigwa kwa kifaa kinachoingizwa hadi mfuko wa chakula, na pale vyote viwili vinaposhindwa, sindano ya kalisi katika mishipa inayolisha sehemu mbalimbali za kongosho. Kalisi huchochea seli za uvimbe kutoa insulini, na damu inayotoka katika ini hupimwa ili kujua ni sehemu ipi iliyoitikia.

Pamoja na zana hizo, mkono wa mpasuaji bado una nafasi yake. Katika upasuaji wa wazi, duodeni na kichwa cha kongosho hunyanyuliwa kutoka mgongoni ili kongosho lote lipapaswe kati ya vidole, kisha mawimbi sauti hupitishwa moja kwa moja juu yake. Mawimbi hayo huonesha uvimbe usiohisiwa, na pia huonesha umbali kati ya uvimbe na mfereji mkuu wa kongosho.

3.3 Kiwango cha upasuaji

Umbali huo ndio unaoamua. Uvimbe ulio mbali na mfereji kwa zaidi ya milimita 2 hadi 3 hubanduliwa peke yake, na kongosho huachwa zima. Uvimbe unaougusa mfereji ukibanduliwa, maji ya kongosho yenye vimeng'enya huvuja tumboni, huyeyusha tishu na huweza kusababisha kutokwa damu. Katika hali hiyo ni salama zaidi kukata sehemu: mkia, ikiwezekana bila kuitoa bandama, au kichwa pamoja na duodeni kwa upasuaji unaobeba jina la Whipple yuleyule. Hata hivyo, ubanduaji nao hauna kinga kamili dhidi ya uvujaji, kwa hiyo mgonjwa hufuatiliwa kwa makini. Sukari ya damu hupanda baada ya uvimbe kutolewa, na hubaki juu kwa siku kadhaa hadi seli zilizokuwa zimezimwa na insulini ya uvimbe zirejee kazini.

4.0 Gastrinoma: Kutoka Kukata Mfuko hadi Kutafuta Chanzo

Mwaka 1955, Robert Zollinger na Edwin Ellison wa Columbus, Ohio, walieleza wagonjwa wawili wenye vidonda vya jejunamu vilivyorudi baada ya kila upasuaji, wote wakiwa na uvimbe katika kongosho. Walidai kuwa uvimbe huo hutoa kemikali inayochochea tindikali. Mwaka 1960, Gregory na Tracy wa Liverpool pamoja na wenzao walionesha kuwa kemikali hiyo ilikuwamo ndani ya uvimbe, na baadaye ikatambulika kuwa ni gastrini.

Katika miaka hiyo kilichoua ni tindikali. Vidonda vilitoboka au kutoa damu, na kupunguza mfuko wa chakula hakukusaidia kwa sababu sehemu iliyobaki iliendelea kuchochewa. Tiba ilikuwa kuutoa mfuko wote. Uamuzi huo ulikuwa mzito, lakini uliokoa maisha, kwa kuwa ulikiondoa kiungo kinachoitikia homoni pale ambapo chanzo chake hakikuweza kupatikana. Simetidini ilipoanza kutumika katika miaka ya 1970, kisha omeprazoli mwishoni mwa miaka ya 1980, tindikali iliweza kudhibitiwa kwa vidonge. Swali la homoni likawa limejibiwa bila kisu, na swali la saratani likabaki wazi, kwani asilimia 60 au zaidi ya gastrinoma huwa na uwezo wa kusambaa. Wagonjwa ambao zamani wangekufa kwa vidonda walianza kuishi muda wa kutosha kufikiwa na uvimbe wenyewe.

Upasuaji wa sasa, kwa hiyo, hulenga uvimbe. Mwaka 1984, Stabile na Passaro pamoja na mwenzao walichora pembetatu ambamo gastrinoma nyingi hupatikana: kona yake ya juu ipo pale mfereji wa kifuko cha nyongo unapokutana na mfereji mkuu wa nyongo, ya chini ipo kati ya sehemu ya pili na ya tatu ya duodeni, na ya tatu ipo kati ya shingo na kiwiliwili cha kongosho. Nyingi zimo katika ukuta wa duodeni na hazifikii sentimita 1, kiasi kwamba vidole vinavyopapasa kwa nje huzipita. Ndiyo maana duodeni hupasuliwa na ukuta wake kuchunguzwa kwa ndani. Tezi za limfu za jirani nazo hutolewa hata zikionekana salama, kwa sababu uvimbe mdogo wa duodeni mara nyingi huwa umekwisha kutuma seli zake huko.

Matokeo yanadai unyenyekevu. Katika kundi kubwa la wagonjwa wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambalo taarifa yake ilichapishwa mwaka 1999, takribani thuluthi moja ya wenye gastrinoma isiyo ya kurithi walikuwa hawana ugonjwa miaka 10 baada ya upasuaji. Kwa wenye ugonjwa wa kurithi unaosababishwa na hitilafu ya jeni ya MEN1 katika kromosomu ya 11, hali ni tofauti: vivimbe vyao ni vingi, na uponyaji kamili ni nadra. Kwao, tezi za parathairoidi ndizo hushughulikiwa kwanza, kwa kuwa kalisi nyingi katika damu huzidisha gastrini, na vivimbe vya kongosho kwa kawaida husubiriwa hadi vikaribie au kuzidi sentimita 2.

Utambuzi wa gastrinoma una mtego wake. Gastrini hupanda kila tindikali inapopungua, iwe kwa sababu ya omeprazoli yenyewe au kwa kunyauka kwa utando wa mfuko wa chakula. Gastrini ya juu haina maana hadi tindikali ipimwe na kukutwa ipo kwa wingi. Lakini kumwachisha dawa ghafla mgonjwa mwenye gastrinoma ya kweli kwaweza kumtoboa utumbo ndani ya siku chache. Kwa hiyo usitishaji wa dawa hufanywa chini ya uangalizi wa karibu.

5.0 Kasinoidi ya Utumbo Mwembamba: Homoni na Saratani kwa Pamoja

Kasinoidi ya mwisho wa utumbo mwembamba hutoa serotonini na kemikali nyingine. Damu ya utumbo hupita kwanza katika ini, ambalo huivunja serotonini hiyo. Kwa sababu hiyo mgonjwa huwa hana dalili za homoni hadi uvimbe utakapokuwa umesambaa katika ini lenyewe. Hapo ndipo uso huwaka, kuhara huanza na kifua hubana. Vali za upande wa kulia wa moyo huwa nene na kukakamaa, ilhali za kushoto hunusurika kwa kuwa mapafu nayo huivunja serotonini. Uvimbe pia huitumia triptofani ambayo mwili ungeigeuza kuwa niasini, na mgonjwa huweza kupata pelagra. Mahali ambapo pelagra huhusishwa na ulaji wa mahindi pekee, ngozi iliyochubuka kwa mtu anayehara muda mrefu inaweza isimkumbushe tabibu juu ya uvimbe.

Kipimo cha mkojo cha zao la serotonini nacho kinahitaji tahadhari. Ndizi, nanasi na nyanya hupandisha zao hilo, hivyo huachwa kwa siku kadhaa kabla ya kipimo. Katika jamii ambazo ndizi ni chakula kikuu, kama za Bukoba na Buganda, agizo hilo lisipotolewa waziwazi jibu la maabara linaweza kupotosha.

Upasuaji hapa hujibu maswali yote mawili. Sehemu ya utumbo yenye uvimbe hukatwa pamoja na tezi za limfu zilizo katika utando unaoushikilia utumbo. Utumbo wote hupapaswa, kwani vivimbe huweza kuwa vingi. Tezi zilizovamiwa husababisha makovu magumu yanayovuta utumbo na kubana mishipa yake ya damu, kwa hiyo hata mgonjwa ambaye ini lake limeathirika huweza kunufaika kwa kuepushwa kuziba kwa utumbo. Vivimbe vya ini vikiweza kutolewa au kuunguzwa kwa sehemu kubwa, dalili za homoni hupungua. Zamani ilidaiwa kuwa sharti asilimia 90 ya uvimbe iweze kuondolewa ndipo upasuaji wa ini uwe na maana. Siku hizi vituo kadhaa hukubali asilimia 70. Kifuko cha nyongo nacho mara nyingi hutolewa katika upasuaji huohuo iwapo mgonjwa atahitaji oktreotidi ya muda mrefu, kwa kuwa dawa hiyo huchangia mawe ya nyongo.

Hatari ya pekee ya upasuaji huu ni mshtuko wa kasinoidi: shinikizo la damu huporomoka ghafla uvimbe unapoguswa au dawa ya usingizi inapoanza kufanya kazi. Oktreotidi huandaliwa, na vituo vingi huitoa kabla na wakati wa upasuaji, ingawa wataalamu hawajaafikiana iwapo kuitoa mapema hukinga kwa hakika. Linalokubalika na wote ni kwamba daktari wa usingizi sharti ajue utambuzi wa mgonjwa kabla hajamlaza, na kwamba moyo upimwe kabla ya ini kukatwa, kwa sababu vali mbovu ya kulia huongeza shinikizo katika mishipa ya ini na kuzidisha utokaji wa damu.

6.0 Mjadala

Ulinganisho wa aina hizi tatu unaonesha mambo matatu. Kwanza, upasuaji mkubwa si lazima uwe upasuaji bora. Katika insulinoma, kubandua uvimbe wa sentimita moja na nusu kunatosha kumponya mgonjwa, na kukata zaidi kunaweza kumletea ugonjwa mwingine. Katika duodeni, kinyume chake, uvimbe mdogo zaidi ya huo hudai tezi za limfu zitolewe. Tofauti haitokani na ukubwa, bali na mwenendo wa uvimbe.

Pili, dawa mpya haiondoi upasuaji bali huubadilishia kusudi. Omeprazoli iliuokoa mfuko wa chakula, lakini iliongeza umuhimu wa kuutafuta uvimbe. Oktreotidi ilipunguza kuwaka uso na kuhara, na kwa kufanya hivyo iliwawezesha wagonjwa wa kasinoidi kufika mezani kwa upasuaji wakiwa na nguvu. Anayesoma taarifa za zamani bila kuzingatia dawa zilizokuwapo wakati huo atauona uamuzi uliookoa maisha kuwa ni ukatili.

Tatu, hatua inayokosewa zaidi ni ya kwanza. Mfungo, sukari ya damu iliyopimwa maabara wakati wa dalili, na historia ya mgonjwa iliyoulizwa kwa uangalifu ni mambo yanayowezekana hata katika hospitali isiyo na skani. Kipimo kidogo cha kidoleni kinatosha kuamsha shaka, ingawa hakitoshi kuthibitisha, kwa kuwa usahihi wake hupungua sukari inapokuwa chini sana. Mgonjwa aliyethibitishwa anaweza kupewa rufaa na kupasuliwa kwingine. Ambaye hakushukiwa hana pa kupelekwa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa upasuaji wa vivimbe vinavyozalisha homoni katika mfumo wa mmeng'enyo wa chakula hufuata mpangilio usiopaswa kupinduliwa: homoni ithibitishwe kwanza, mahali patafutwe baadaye, na kiwango cha ukataji kiamuliwe mwisho. Katika insulinoma mpangilio huo humwelekeza mpasuaji kwenye ukataji mdogo unaoponya. Katika gastrinoma humwelekeza kwenye duodeni na tezi zake, akiiachia dawa kazi ya kuidhibiti tindikali. Katika kasinoidi humwelekeza kwenye utumbo, ini na moyo kwa pamoja. Kinachounganisha aina zote tatu ni kwamba mpasuaji sharti aweze kueleza, kabla ya kushika kisu, ni hatari ipi kati ya hizo mbili anayokusudia kuiondoa na ni ipi atakayoendelea kuikabili baada ya jeraha kupona.